Mafuta Yaliyoondoka Ziwani

Mwaka 1929 zilichapishwa ripoti tatu zisizohusiana. Huko Minnesota, Marekani, George Burr na mkewe Mildred walionyesha kwamba panya wanaolishwa chakula kisicho na mafuta hata chembe hudumaa, ngozi zao hutoa magamba, hushindwa kuzaa na mwishowe hufa. Muda si mrefu wakabainisha kwamba tiba yao ni kiasi kidogo tu cha asidi fulani ya mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Mjini London, jarida la Lancet lilichapisha makala ya Cuthbert Donnison, daktari wa serikali ya kikoloni aliyehudumu katika wilaya ya Kavirondo Kusini, nchi inayoanzia ufuo wa Ziwa Viktoria na kupanda hadi vilima vya Kisii. Naye Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza aliyelizunguka ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alitoa taarifa yake kuhusu samaki na wavuvi. Ripoti moja ilihusu mafuta, nyingine damu, nyingine samaki, na kila moja ilisomwa na watu wa fani yake. Ninazisoma pamoja kwa sababu ya hoja moja: katika ufuo wa Kisumu, kheri na shari ya asidi za mafuta imeamuliwa zaidi na biashara ya samaki kuliko na kemia ya asidi zenyewe.

Asidi inayonishughulisha hapa ni ile inayoitwa asidi ya dokosaheksaenoiki, DHA kwa kifupi, ya ukoo wa omega-3. Ina mnyororo wa kaboni 22 wenye vifungo maradufu sita, na vifungo hivyo ndivyo vinavyoufanya mnyororo ujipinde na mafuta yabaki majimaji badala ya kuganda. Ubongo wa binadamu na retina ya jicho vimejaa asidi hii. Mwili unaweza kuiunda kutokana na asidi fupi zaidi iliyomo katika mboga za majani na mbegu kadhaa, lakini huunda kidogo mno, hivyo anayeitaka kwa kiasi cha maana hana budi kuila. Chimbuko lake hasa ni mwani mdogo wa majini: mwani huliwa na vijidudu vinavyoelea, vijidudu huliwa na omena, yaani dagaa wa ziwa, na omena huliwa na mbuta, yaani sangara, au na mtu. Vifungo hivyohivyo sita ndivyo pia udhaifu wake. Hewa, joto na jua huvishambulia, na mafuta huchacha haraka kuliko mafuta ya nazi au samli. Sehemu kubwa ya historia ya samaki wa Kisumu inatokana na udhaifu huo.

Donnison hakujua lolote kuhusu DHA. Alichofanya ni kuwapima shinikizo la damu watu 1,000 na kukagua kumbukumbu za hospitali yake. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa muda wa miaka miwili hivi, hakuona hata mmoja mwenye maradhi ya presha. La kushangaza zaidi kwa madaktari wa Ulaya ni kwamba shinikizo la watu hao, badala ya kupanda baada ya umri wa miaka 40 kama ilivyodhaniwa kuwa desturi ya maumbile, lilielekea kushuka. Ni vyema kusema wazi kwamba makala yake haithibitishi chochote kuhusu samaki. Kavirondo Kusini ilikuwa na Waluo wa ufuoni na Abagusii wa vilimani, na wengi wa hao wa vilimani waliishi kwa wimbi, mboga na maziwa. Mtu akiichukua ripoti ya Donnison kuwa ushahidi wa mafuta ya samaki atakuwa ameibebesha mzigo usio wake. Inatuthibitishia jambo moja tu, nalo ni zito: presha haikuwa urithi wa damu ya watu wa eneo hili. Iliingia baadaye, na kilichoingia kina njia kilizopitia.

Njia ya kwanza ilikuwa reli. Ilifika Kisumu, ambayo Waingereza waliiita Port Florence, mwezi Desemba 1901. Miaka michache baadaye zikaja nyavu za kitani za kunasa samaki, na ngege, samaki aliyependwa kuliko wote katika Ghuba ya Winam, akaanza kuwa bidhaa ya kusafirishwa. Graham alipokuja alikuta nyavu za ghubani zinarudi na samaki wachache kuliko zamani, akapendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi tano. Alizungumzia pia wazo lililokuwa likipita miongoni mwa maofisa, la kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine ili awageuze fulu, vijisamaki vidogo vya ziwa, kuwa nyama yenye bei. Alionya kwamba ni hatari kubwa kufanya hivyo bila uchunguzi mrefu. Onyo hilo lilikaa kwenye makabrasha kwa miaka 25 hivi, kisha katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mbuta akaingizwa ziwani, kwanza upande wa Uganda na halafu katika maji ya Kenya.

Wakati huohuo Kampala ilikuwa imegeuka mahali ambapo uhusiano wa mafuta na maradhi ya moyo uliulizwa kwa makini kuliko karibu popote Afrika. Mwaka 1956 Hugh Trowell, aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 kabla ya kuhamia Kampala, alishiriki kuandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki habari ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Tukio hilo lilikuwa adimu kiasi cha kustahili makala nzima. Mwaka 1959 Gerald Shaper na mwenzake K. W. Jones walilinganisha kolesteroli ya Waafrika na ya Wahindi wa Uganda, wakaona kwamba Wahindi, waliokula mafuta zaidi, walikuwa na kolesteroli ya juu na maradhi ya moyo, ilhali kwa Waafrika ugonjwa huo ulikuwa karibu haupo. Michael Crawford, mwanakemia wa Uingereza aliyefundisha chuoni Makerere, Kampala, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, alichukua swali hilo akaligeuza. Alipima nyama ya wanyama wa porini na ya ng'ombe wa kufugwa ndani, na mwaka 1968 akaandika katika Lancet kwamba tofauti si ya wingi wa mafuta tu bali ya aina yake: mnyama wa porini ana sehemu kubwa zaidi ya asidi zenye vifungo maradufu vingi. Miaka 30 baadaye, yeye na wenzake, akiwemo Stephen Cunnane, walidai kwamba samaki wa maziwa ya Bonde la Ufa ndio waliowapa binadamu wa kale DHA ya kukuzia ubongo. Wanaakiolojia wengi hawajakubali dai hilo kwa ukamilifu, na mimi silihitaji ili hoja yangu isimame. Nalitaja kwa sababu ni mara chache samaki wa maji baridi wa Afrika Mashariki wamepewa nafasi ya mbele katika mjadala ambao kwa kawaida huwataja samaki wa bahari za barafu tu.

Mjadala huo wa dunia ulipata umaarufu wake Greenland. Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg wa Denmark walikwenda huko mwaka 1970 kuchukua damu ya Wainuiti waliokula samaki na sili kwa wingi, wakadai kwamba mafuta ya omega-3 ndiyo yanayowakinga na kuganda kwa damu katika mishipa ya moyo. Kutoka hapo biashara ya vidonge vya mafuta ya samaki ilikua haraka. Ni katika miaka hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, ambapo mbuta alilipuka kwa wingi katika ghuba ya Kisumu. Mamia ya aina za fulu zilitoweka au kubaki chache. Mbuta ana mafuta mengi kiasi kwamba haanikiki juani kama ngege. Ataoza au kuchacha kabla ya kukauka. Kwa hiyo ilibidi akaushwe kwa moshi, kazi iliyokula kuni nyingi za ufuoni, au akaangwe, mara nyingi kwa mafuta yaliyoyeyushwa kutoka tumboni mwake mwenyewe. Kwa muda mfupi, basi, mtu maskini wa ufuo alikuwa na samaki wa bei nafuu mwenye mafuta tele. Halafu zikaja friji, lami na viwanda vya minofu vya Kisumu, Homa Bay na Migori, na bei ikapangwa na mnunuzi wa Ulaya. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilifunga soko lake zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vijidudu, ya kipindupindu na ya samaki waliovuliwa kwa sumu, na kila mara bei ufuoni ilianguka. Soko lilipofunguka, minofu ikaondoka tena.

Kilichobaki mjini kikapata jina la mgongo wazi. Katika mtaa wa Obunga, wanawake hununua mifupa ya mbuta iliyokwisha kutolewa minofu kiwandani, yenye kichwa, mkia na nyama iliyong'ang'ania ubavuni. Huikata vipande, huikausha kidogo, kisha huikaanga katika karai la mafuta yanayochemka mpaka igeuke rangi ya kahawia, na kuipanga barabarani kuuzwa. Nyama iliyobaki ni halali na tamu, na biashara hiyo imesomesha watoto. Lakini tuangalie kilichotokea kwa mafuta yenyewe. Yale ya samaki yamepungua kwa sababu sehemu nono imekwenda. Yaliyobaki yanapikwa kwa moto mkali unaovunja vifungo vile sita, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta ya karai, ambayo mara nyingi ni mawese yaliyosafishwa, yaliyoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia, yenye asidi ya palmitiki kwa wingi, na yanayotumika siku baada ya siku kwa sababu mafuta ya kupimwa ni ghali. Mlaji anaamini anakula samaki, naye kweli anakula samaki, ila asidi anazopata ni za karai zaidi kuliko za ziwa.

Je, tofauti hiyo ina uzito wowote kwa afya? Ushahidi wa karibu zaidi nasi hautoki Greenland. Mwaka 1996 Paolo Pauletto na wenzake walichapisha katika Lancet utafiti wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania. Walilinganisha zaidi ya watu 1,000 wa makundi mawili ya vijiji vya jamii zinazofanana: moja la ufuo wa Ziwa Nyasa lililokula samaki kila siku, na jingine la nyanda za juu lililoishi kwa nafaka na mboga. Walaji wa samaki walikuwa na omega-3 nyingi katika damu, kolesteroli ya chini, na shinikizo la chini. Wenye presha ya wazi walikuwa chini ya 3 katika kila 100, dhidi ya takriban 16 kwa wale wa mboga. Utafiti huu unajibu pingamizi linalorudiwa sana, kwamba samaki wa maji baridi hawana omega-3 ya kutosha kuonekana mwilini. Ziwa Nyasa ni maji baridi kama Viktoria, na usipa wake ni vijisamaki vidogo kama omena.

Pingamizi lenye nguvu zaidi latoka ufuo wetu wenyewe. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya kaskazini mwa ziwa kwenda Nairobi, na mwaka 1990 wakaeleza katika jarida la tiba la Uingereza kwamba shinikizo la wahamiaji lilianza kupanda muda mfupi baada ya kufika mjini, sambamba na chumvi nyingi na potasiamu kidogo katika mkojo wao, na uzito kuongezeka. Hapo samaki hawakutajwa kama sababu. Chumvi, unene na msongo vinatosha kueleza sehemu kubwa ya kilichotokea, na ninakubali hivyo bila kinyongo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya wazima wana presha, wakiwemo wa kaunti zisizo na desturi ya kula samaki. Haiwezekani mbuta awe ndiye maelezo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba kwa kuwa chumvi ina hatia basi samaki hana kazi. Mlo hubadilika kwa pamoja. Sahani iliyopoteza omena wa kuchemshwa kwa nyanya haibaki tupu, huingia chipsi, mandazi na sukuma wiki iliyozamishwa katika mafuta na chumvi. Vijiji vya Lugalawa vilitofautiana kwa samaki, na wahamiaji wa Poulter kwa mji. Katika hali zote mbili mlo mzima ndio uliohama.

Ndiyo sababu majaribio ya vidonge hayanishangazi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1989, wanaume 2,033 wa Wales waliopona shambulio la moyo waligawanywa, na wale walioshauriwa kula samaki wenye mafuta walikufa pungufu kwa asilimia 29 katika miaka miwili. Mwaka 1999 jaribio la Italia la watu zaidi ya 11,000 lilionyesha faida ya gramu moja ya omega-3 kwa siku. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2003 jaribio jingine la Wales, kwa wanaume wenye maumivu ya kifua, halikuiona faida ile, na mwaka 2018 majaribio makubwa mawili, moja la watu 15,480 wenye kisukari na jingine la watu 25,871 wa kawaida, yalishindwa kuonyesha kwamba kidonge cha kawaida kinapunguza shambulio la moyo na kiharusi kwa jumla. Mwaka huohuo dozi kubwa ya aina moja iliyosafishwa ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 25, ila mwaka 2020 dozi kubwa ya mchanganyiko haikufua dafu, na dozi kubwa zimehusishwa na mapigo ya moyo kwenda mrama. Anayesema kwamba omega-3 imethibitishwa kuzuia maradhi ya moyo anazidi ushahidi. Sitaki hoja ya Kisumu ijengwe juu ya dai hilo. Hata hivyo, majaribio hayo yaliuliza swali la nchi tajiri: je, kidonge kikiongezwa kwa mtu mwenye umri mkubwa, aliyeshiba, anayemeza dawa nyingine za kisasa, kinamwongezea kitu? Swali la ufuo ni la mtu ambaye samaki ametolewa kwenye mlo wake.

Na upo uwanja mmoja ambapo ushahidi haukuyumba kiasi hicho, nao ni wa uzazi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 70 yenye wanawake karibu 20,000, yalionyesha kwamba omega-3 za asili ya samaki wakati wa ujauzito hupunguza kujifungua kabla ya wiki 37 kwa asilimia 11, na kabla ya wiki 34 kwa asilimia 42. Mtoto wa chini ya wiki 34 ndiye anayehitaji oksijeni, joto na wauguzi usiku na mchana, na ndiye anayekufa pale vitu hivyo vinapokosekana. Faida hii huonekana zaidi kwa mama ambaye damu yake ilikuwa na omega-3 kidogo tangu mwanzo. Mjadala wa asidi hii umetumia miaka 50 kwenye moyo wa mzee wa Ulaya, ilhali kazi yake iliyo wazi zaidi iko katika tumbo la uzazi.

Hapo ndipo omena anapoingia kwa uzito. Anavuliwa usiku wa giza, karabai au taa za betri zikimvuta juu ya maji, na asubuhi huanikwa kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Akipata jua kali hukauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha, kama inavyonyesha sana pande hizi, hulowa, huchacha, hushika mchanga, na bei yake huanguka. Anayenunua hapo ni mtengenezaji wa chakula cha kuku. Makadirio mengi ya watafiti wa uvuvi yanasema zaidi ya nusu ya omena wa Kenya huishia kwenye chakula cha mifugo na cha samaki wa kufugwa. Samaki anayeliwa mzima, mwenye DHA, kalsiamu, madini ya chuma na zinki, anageuzwa unga wa kumlisha ngege wa vizimba, ambaye bei yake ni ya mnunuzi mwingine.

Watetezi wa biashara hiyo wana jibu, nalo si dogo. Wanasema viwanda vinalipa pesa taslimu kwa wanawake wa Dunga na Usenge ambao hawana mnunuzi mwingine siku ya mvua, na kwamba kuku aliyekula omena hutaga yai lenye DHA, kwa hiyo mafuta hayapotei. La yai ni kweli kwa sehemu. Lakini kilo ya omena ikipitia kwa kuku hutoa sehemu ndogo tu ya kilichoingia, na yai hilo linauzwa Nakuru na Nairobi. La pesa ni kweli kabisa, na ndiyo maana marufuku ya kuuza omena kwa viwanda ingewaumiza walewale tunaotaka kuwasaidia. Pesa hizo hupotea zaidi palepale mchangani. Kichanja cha waya kilichoinuliwa kiasi cha kiuno na kufunikwa turubai wakati wa mvua humfanya omena yuleyule awe chakula cha watu na auzwe kwa bei ya chakula cha watu. Mwanamke anayemwanika hapati hasara, na kinachochacha ni kidogo. Sera ya Kenya humpa mjamzito vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Vichanja vya Homa Bay na Siaya vinastahili kuhesabiwa katika bajeti hiyohiyo ya uzazi.

Kwa atakayeniambia kwamba nimekisia, kwamba pengine wanawake wa ufuo tayari wana DHA ya kutosha na watoto wao njiti wanatokana na malaria na kazi nzito, nina jibu moja. Malaria na kazi nzito vina sehemu yao kubwa, na hakuna samaki atakayeviondoa. Kiasi cha DHA, lakini, hakihitaji kukisiwa. Kinapimika kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, bila friji na bila mashine kubwa kliniki, na karatasi hiyo yaweza kutumwa maabara kwa bahasha. Wapimwe wajawazito wa kisiwa cha Rusinga, wa Obunga na wa vilima vya Kisii, kama Donnison alivyopima shinikizo, na majira ya kufungwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, yalinganishwe na miezi mingine. Kama damu za Obunga zitafanana na za Rusinga, nitakuwa nimekosea kuhusu karai na mgongo wazi. Kama zitafanana na za vilimani, mjadala wa nani ale omena utakuwa umeingia katika wodi ya wazazi.